Dreva wa Kadi ya Sauti

Jumatatu, 10 Juni 2002

Nimeamua. Nabadilisha mfumo wa kompyuta.

Kutoka stendi ya Makambako hadi huku Lyamkena hakuna studio inayonikaribia. Mlio Dijitali! Chumba cha nyuma, trei za mayai ukuta mzima, maiki mbili, miksa, mashine ya kuchoma sidii. Kompyuta yenye diski mbili: ya kwanza ya mfumo, ya pili ya nyimbo. Chumba cha mbele anashonea mke wangu, Priska. Katika baadhi ya kazi zangu cherehani inasikika. Wateja hawalalamiki. Wanadhani ni ngoma ya kisasa.

Kazi iliyopo ni ya Kwaya ya Mjimwema, Njombe. Nyimbo kumi na moja. Nilizirekodi Aprili, zimekamilika, zimelala kwenye diski ya pili. Uzinduzi wa kanda ni Jumapili ya tarehe 23, kanisani kwao. Kilichobaki ni kuchoma sidii moja na kudurufu kanda. Wimbo wa saba ndio roho ya kazi yote: Bibi Eveline, miaka sabini na moja, anaimba peke yake kwa Kibena. Tuliharakisha kumrekodi kwa sababu mwezi wa tano alikuwa anakwenda kupasuliwa rovu la shingoni. Rovu limetoka salama. Sauti nayo ikatoka. Sasa ananong'ona tu. Maana yake wimbo ule haurudiwi tena duniani. Thamani yake imepanda sana.

Mtu wa kawaida angechoma sidii kesho asubuhi akapumzika. Mimi si mtu wa kawaida. Na yupo Mudy.

Mudy ana duka la kanda pale stendi, televisheni ya kuonyeshea mpira, na pikapu la matangazo. Juzi kaweka ubao: TUNAREKODI KWA KOMPYUTA. Maneno yangu! Kompyuta yenyewe kaipata ofisi moja ya shirika la umma ilipobinafsishwa na kuuza mpaka viti. Bado ina namba ya ofisi kwa rangi nyeupe ubavuni. Mfumo wake ni wa zamani. Tatizo ni kwamba na wangu ni wa zamani uleule. Mteja atatutofautishaje?

Dawa ipo. Halfan, dreva wa lori la Dar na Tunduma, kaniletea sidii ya mfumo mpya kutoka Kariakoo. Bahasha nyeupe, namba ndefu imeandikwa kwa kalamu ya wino. Anasema Dar nzima imeshahamia.

Priska kauliza kama nimenakili nyimbo za watu pembeni kwanza. Akiba haiozi, kasema. Nikamweleza kwamba fundi anayeweka akiba ni fundi asiyejiamini. Akarudi kwenye cherehani. Nimemshawishi.

Jumanne, 11 Juni

Baridi ya kukata masikio. Nimeanza saa nne.

Kompyuta iliuliza maswali sita kwa Kiingereza. Nimejibu ndiyo kwa yote sita. Katikati lilitokea onyo refu lenye orodha ya vifaa. Nikaona jina la kadi yangu ya sauti. Nikaona na jina la mashine yangu ya kuchoma sidii. Nilifurahi. Kumbe vyombo vyangu vinajulikana mpaka ng'ambo! Nikabonyeza endelea.

Saa nane mchana, tayari. Picha ya kilima cha kijani na mawingu meupe. Kama Njombe mwezi wa pili! Nikamwita Priska aone. Akasema kilima kizuri, ila mbona kimya?

Kweli, zamani ilikuwa ikiwaka inalia kama kengele. Leo haikulia. Nimemwambia mifumo ya kisasa haina makelele.

Nimeandika ubao mpya: MFUMO WA KIMATAIFA, WA KWANZA MKOA WA IRINGA. Nimeupigilia nje. Sidii ya mfumo wa zamani nimeitundika kwenye njegere, itishe ndege. Nyumba hii haitupi kitu.

Jumatano, 12 Juni

Bado kimya. Nimekagua nyaya zote. Nimeipiga kompyuta kofi dogo la kitaalamu. Hakuna. Nikafungua orodha ya vifaa. Kadi ya sauti: alama ya kuuliza, ya njano. Mashine ya kuchoma sidii: alama ya kuuliza. Kifaa hakitambuliki, imeandikwa. Hakitambuliki! Kadi imekaa mle miaka mitatu. Ni kama kurudi nyumbani kutoka safari, mkeo akakuuliza wewe nani.

Si neno. Sauti ni jambo dogo. Nyimbo zipo kwenye diski ya pili. Nikaifungua.

Hapo pakatokea swali jipya kabisa. Diski hii haijafomatiwa. Je, unataka kuifomati sasa?

Nikafikiri. Fomati ni mpangilio. Barua ya kiofisi ina fomati. Kwa hiyo mashine inajitolea kunipangia nyimbo zangu. Mfumo wa zamani haukuwahi kuwa na adabu ya namna hii. Kidole kilishafika kwenye mausi.

Priska akaingia kutafuta mkasi. Nikamweleza habari njema. Akakaa akalitazama lile swali kwa muda. Kisha akasema: "Baba Yusta, mtu asiyekujua akija kukupangia nyumba, humwulizi kwanza anatupa nini?"

Nikasema mashine haitupi kitu, inapanga.

Akang'oa waya ukutani. Hivi hivi! Mbele ya mtaalamu!

Jioni nimefungua kitabu changu cha kompyuta, ukurasa wa mia na tatu. Kufomati ni kufuta vyote vilivyomo. Namshukuru Mungu kwamba nilisita.

Alhamisi, 13 Juni

Mpango: kurudisha mfumo wa zamani kimyakimya. Nusu saa tu.

Nimekwenda kwenye njegere. Upepo umeisugua ile sidii kwenye mti tangu juzi, imechubuka kama goti la mtoto. Chini yake ndege watano wanakula bila wasiwasi. Nimeiosha kwa sabuni. Kompyuta imeimeza, ikaguna, ikaitema.

Ipo pia disketi iliyokuja na kadi ya sauti. Nimeitafuta asubuhi nzima, nimeipata. Mwaka jana niliifuta nikaandikia orodha ya wageni wa kipaimara cha Yusta.

Orodha imefunguka vizuri sana. Wageni wote wapo.

Ijumaa, 14 Juni

Siku ya ushindi.

Nimempigia fundi mmoja wa Dar kutoka kibanda cha simu. Kacheka kwanza, sijui kwa nini. Kisha kasema kadi yangu inahitaji dreva mpya. Dreva ni programu ndogo ya kuiongoza kadi. Bila hiyo, kadi ni gari lisilo na mtu kwenye usukani. Nimeelewa mara moja. Kuhusu diski kasema niache kuigusa, huenda imeandikwa kwa namna ambayo mfumo mpya hauisomi, niitafutie kompyuta yenye mfumo wa zamani. Hapo alikosea kidogo. Yenye mfumo wa zamani ni ya Mudy.

Bahati iliyoje, Halfan alikuwa stendi, anafunga turubai, anaelekea Dar. Lori linaunguruma, hatusikiani. Nikapaza sauti: nahitaji dreva wa kadi ya sauti, haraka! Halfan akauliza, dreva? Nikasema dreva. Wa uhakika? Wa uhakika, nikasema, anayeendana na mambo mapya, wa zamani hawafai tena.

Akaniinulia kidole gumba. "Niachie mimi, kaka. Madreva ndio watu wangu."

Napenda mtu anayejiamini.

Jumamosi, 15 Juni

Mwalimu Enoki, kiongozi wa kwaya, katokea Njombe bila taarifa. Tukasalimiana Kibena, kamwene, kamwene, habari za Mjimwema, habari za baridi. Anataka kusikiliza nyimbo zilivyokamilika.

Nilikuwa nimejiandaa kwa lolote. Nyuma ya kompyuta nimeficha redio kaseti yetu. Jumamosi saa tano huwa kuna kipindi cha kwaya. Nikabonyeza mausi kwa mkono wa kulia, nikawasha redio kwa wa kushoto. Kwaya ikaimba. Safi! Mwalimu akainamisha kichwa, akasikiliza. Akauliza mbona wimbo huu si wao. Nikasema mfumo mpya unasafisha sauti kiasi kwamba wengi hawajitambui.

Kisha kwaya ikamaliza, ikatangaza bei ya mahindi Songea.

Mwalimu akanitazama. Amefundisha hesabu miaka ishirini na sita, ana macho yale. Nikasema mfumo wa kimataifa una huduma ya habari pia. Akasema sawa. Atarudi Jumanne na Bibi Eveline, ambaye hajawahi kujisikia maisha yake yote na anataka kusikia wimbo wake kabla ya uzinduzi.

Nikasema karibuni sana.

Priska katika chumba cha mbele alisimamisha cherehani muda mrefu. Uzi ulikatika, nadhani.

Jumatatu, 17 Juni

Halfan kapiga simu kibandani, kaacha ujumbe. Dreva kapatikana, ataingia Jumanne kwa basi. Sikuelewa kwa nini programu ndogo ipande basi, lakini huenda kampa kondakta aibebe. Mtu makini.

Hata hivyo fundi wa kweli ana njia ya pili. Nimekwenda sokoni kumwona Teodora, muuza nyanya, anayeongoza sauti ya kwanza kanisani kwao. Nimemwomba aimbe wimbo mmoja wa Kibena, kwa sauti ya ajuza. Kasema yeye ni Mpangwa. Nikamwambia muziki hauna kabila. Nilikuwa nakumbuka maneno, karibu yote. Tumerekodi kwa redio kaseti, mchana kweupe, nyanya zikiwa mlangoni. Kila akisahau neno alikohoa, kuonyesha umri.

Nimesikiliza mara tatu. Hata mimi nimedanganyika, na nilikuwepo.

Jumanne, 18 Juni

Sijui nianzie wapi.

Saa nne wamefika. Mwalimu Enoki mbele, Bibi Eveline nyuma yake, mdogo, kafunga kitambaa shingoni kuficha mshono. Priska kampa kiti chake mwenyewe na chai. Bibi akashukuru kwa kunong'ona. Ilibidi tuiname wote.

Nikawasha. Teodora akaimba. Akakohoa. Akaimba tena.

Bibi Eveline alisikiliza mpaka mwisho, mikono magotini. Hakukunja uso. Kisha akaniita kwa kidole nisogeze sikio.

"Huyu si mimi, mwanangu," akanong'ona. "Huyu ana meno yote."

Nikafungua mdomo nieleze kuhusu kusafisha sauti. Akaendelea: "Na Kibena chake kimetoka Upangwa. Yangu ipo wapi?"

Hapo hapo hodi. Mlangoni mwanamume mrefu, shati limepigwa pasi, begi mkononi, leseni mkono wa pili. Akatoa salamu kwa heshima zote. "Naitwa Abdulatif. Mimi ndiye dreva. Halfan kaniambia mna gari la sauti, kadi ipo. Gari lenyewe lipo wapi?"

Nikamwambia hakuna gari. Kuna kadi tu.

Akauliza kadi ya gari gani.

Nikasema ya sauti. Ipo ndani ya kompyuta, na haina dreva, ndiyo maana haitoi sauti. Nikasikia nilichosema. Chumba kizima kilisikia. Mwalimu Enoki akatoa miwani, akaifuta, akaivaa tena, akauliza taratibu: kwa hiyo tangu Jumamosi kompyuta hii haijatoa sauti yoyote? Nikasema tangu Jumanne iliyopita. Na nyimbo? Nikasema zipo, ila mfumo mpya hauzioni. Ni nani aliyeweka mfumo mpya wiki mbili kabla ya uzinduzi? Nikatazama dirishani.

Mwalimu alitaka kusema neno kubwa, nililiona likija. Bibi Eveline akamgusa mkono. Akanong'ona polepole, akipumzika kila baada ya maneno machache, Priska akiturudishia kwa sauti. Kwamba ana wajukuu tisa. Kila aliyezaliwa alimbeba akamwimbia wimbo ule, ndiyo desturi yake. Wa kumi kazaliwa wiki iliyopita. Alimbeba, akafungua mdomo, hakuna kitu. Akajiambia si kitu, yule fundi wa Makambako anayo.

Akakunja kanga yake, akainuka. Kwaherini, akasema. Wakaenda.

Abdulatif alibaki amesimama na leseni yake. Priska akamwambia akae, ugali unaiva.

Jumatano, 19 Juni

Sikuandika asubuhi. Sina la kuandika.

Mchana nimekaa mbele ya kilima cha kijani. Lile swali limerudi: unataka kuifomati sasa? Nimebonyeza hapana. Likarudi. Hapana. Nimebonyeza hapana mara kumi na nne. Ni kazi pekee niliyofanya leo.

Abdulatif mtu mwema. Kachanja kuni zote. Wakati wa kula kasema, bila kumlenga mtu, kwamba yeye akikuta barabara mpya imeharibika haoni aibu kurudi ya zamani. Nikamwambia kompyuta si lori. Akakubali. Alasiri Mudy kapita na pikapu lake, kamsikia ni dreva, kamchukua papo hapo. Ndiyo Mudy huyo. Hata dreva wangu!

Jioni mapema Priska kaja na bisibisi ya cherehani, kapiga magoti, kafungua ubavu wa kompyuta. Nikamwuliza anafanya nini. Akasema anatoa diski ya nyimbo, kesho inakwenda kwa Mudy.

Nikamwambia nina heshima yangu mjini. Nikamwambia kuna ubao nje umeandikwa wa kwanza Mkoa wa Iringa. Bora niende nayo Dar mwenyewe, hata kwa miguu.

"Heshima utapata nyingine," kasema. "Bibi yule koo jingine atalitoa wapi?"

Nikamshikia taa ya mkononi aone skrubu.

Alhamisi, 20 Juni

Leo hakukuwa na mechi, kwa hiyo duka la Mudy lilikuwa tupu. Hilo nalo ni rehema. Nilivaa kofia mpaka machoni. Priska aliibeba diski ndani ya kanga, kama mtoto.

Nilikuwa nimetunga maelezo njiani: kwamba nafanya utafiti wa kulinganisha mifumo. Priska akasema yote kwa sentensi mbili kabla sijavuka kizingiti. Nikasubiri Mudy acheke. Nilikuwa tayari kwa kicheko. Hakucheka. Akasema, "Shemeji, lete tuone," akasogeza vikombe, akatafuta bisibisi. Mtu akikucheka unajua la kumjibu. Asipocheka, ufanye nini?

Akaifunga diski, akawasha. Ikalia ile kengele ya zamani. Sikujua kama nimeikumbuka hivyo. Akafungua diski ya pili.

Zote zipo. Kumi na moja. Majina niliyoandika mwenyewe mwezi wa nne, na makosa yake ya tahajia.

Mudy akauliza tujaribu upi. Priska akasema wa saba.

Spika za Mudy zinatazama stendi. Akasahau kuzizima, au hakusahau. Sauti ya Bibi Eveline ikatoka nje, nyembamba mwanzoni, halafu ikapanda, ikajaa. Hakuna ngoma, hakuna kinanda. Mwanamke mmoja tu anambembeleza mtoto kwa Kibena. Wapagazi waliokuwa wanapandisha magunia ya viazi wakasimama. Mpiga debe wa basi la Songea akanyamaza, jambo ambalo sijaliona tangu nihamie Makambako. Abdulatif alikuwa anaosha pikapu. Kibena hajui hata neno, akabaki ameshika kitambaa kinachuruzika maji.

Mbali kabisa, katikati ya ubeti wa pili, cherehani ya Priska inasikika. Haiharibu kitu.

Nilipouliza kwa nini hakubadilisha mfumo kama watu wote, Mudy akainua mabega. Kinachofanya kazi mimi sikigusi, akasema. Maskini. Hana ndoto.

Tumechoma sidii tatu. Priska kazihifadhi sehemu tatu tofauti na hataki kuniambia wapi.

Jumapili, 23 Juni

Mjimwema. Kanisa limejaa mpaka madirishani. Mudy kaleta vyombo vyake na pikapu, Abdulatif usukani, kafunga tai. Kanda zimetoka zote kwa wakati. Jalada limeandikwa: Imerekodiwa na Mlio Dijitali, Makambako. Chini yake, kwa herufi zilezile, jina la Mudy. Nilipendekeza herufi ndogo zaidi. Mwalimu Enoki ndiye aliyepeleka kazi kwa mpiga chapa.

Bibi Eveline alikaa mbele na kitoto kimefungwa blanketi la manjano. Wimbo wa saba ulipoanza, watu wakageuka kumtazama. Yeye hakumtazama mtu. Alikifunua kitoto uso, akakiinua karibu na shavu, akaanza kukipembeza, na midomo yake ikafuata maneno, neno kwa neno, bila sauti. Sauti ilikuwa inatoka kwenye spika na mdomo ulikuwa wake. Kitoto kilikuwa macho. Kilimtazama mdomoni wakati wote.

Nilitoka nje kidogo. Kulikuwa na moshi wa jikoni. Priska naye akatoka, akanipa ncha ya kanga yake nijifute macho.

Baadaye Bibi aliniita. Nikainama. Nilidhani atanisema, na ningenyamaza. Akanong'ona asante, mwanangu. Kisha akauliza kama kile kitoto kikikua, mashine zitakuwa bado zinausoma wimbo. Nikamwambia Bibi, mashine zinazidi kuwa bora kila mwaka. Akanitazama sana. Akaninong'oneza nimpe Priska kanda mbili za akiba.

Jumanne, 2 Julai

Wiki nzuri. Nimetafakari kwa kina yaliyotokea, kama mtu mzima, na nimepata somo: tatizo halikuwa mfumo. Tatizo lilikuwa kompyuta yangu. Ni ya nyumbani. Haikuzoea mambo makubwa. Kompyuta ya ofisi, iliyowahi kubeba kazi za shirika zima, ingeupokea mfumo mpya bila hata kuguna.

Mudy kaenda Songea kwenye harusi ya mdogo wake. Anarudi Alhamisi. Funguo za duka kamwachia Priska. Mimi hakunipa, kwa kusahau tu, harusi inachanganya kichwa. Priska kaenda kupeleka sare za shule Mtwango. Funguo zilikuwa msumarini, nyuma ya mlango, chini ya koti, ndani ya soksi.

Yule mtu kanitendea wema mkubwa. Wema haulipwi kwa maneno. Nimewaza nimfanyie nini, mpaka leo asubuhi Halfan alipopita akitokea Dar na toleo jipya zaidi, lililorekebishwa, anasema hili halina matatizo kabisa.

Naandika haya dukani kwa Mudy, mlango nimeufunga kwa ndani. Atafurahi kiasi gani! Ameshahamishia mle ndani harusi za watu za tangu mwaka 1999, picha na sauti, zote zitapangika vizuri. Nilitaka kunakili kwanza pembeni, kwa kumridhisha Priska, lakini sidii zimeisha na muda ni mdogo.

Imeuliza maswali saba. Nimejibu ndiyo kwa yote. Liko pia onyo lenye orodha ndefu, zaidi ya ile yangu. Nimeona kadi ya Mudy imo. Vizuri.

Asilimia sitini na mbili.

Kuna mtu anagonga. Ni Abdulatif, anasema kaona mwanga wa kompyuta kupitia ufa, anauliza kuna nini. Nimemwambia hakuna shida, aende. Haendi. Sasa naisikia na sauti ya Priska, kumbe kawahi kurudi. Ananiita kwa majina yangu yote matatu, na la babu.

Asilimia sabini na moja. Nitawafungulia ikifika mia. Mambo mazuri hayataki haraka.